Harusi ya Pili ya Bibi Yuleyule

Benchi lilikuwa mbele ya duka la Fundi Cherehani, mguu mmoja umeegemezwa tofali, na kila jioni lilibeba watu walewale: Fundi mwenyewe, kinyozi wa jirani, aliyeitwa Mheshimiwa tangu agombee udiwani akaambulia kura za nyumbani kwake, na Breki, dereva wa pikipiki ambaye hakuna aliyewahi kumwona akifunga breki. Jioni hiyo kahawa ilikuwa chungu na Fundi mchungu kuliko kahawa. Yeye na mkewe walikwenda kliniki kupandikiza mimba, akiba yote ikaishia huko, mimba isishike. Daktari alisema wanaweza kujaribu tena. Kwa fedha ipi, hilo hakulisema.

— Uza cherehani, alishauri Breki.

— Halafu mtoto nimlishe nini? Uzi?

Mheshimiwa akakohoa kama yuko jukwaani. Watu wa mtaa huu, alisema, hawachangii matibabu. Ukiwatajia hospitali watakuombea, basi. Lakini wakisikia harusi, hata asiye na kitu anakopa achange.

— Kwa hiyo fanya harusi.

— Nina mke, Mheshimiwa.

— Huyohuyo. Unamwoa tena.

Breki akaona jambo limekaa vizuri, ila linahitaji mwendo. Waachane kwanza, alisema, ili harusi iwe mpya kabisa. Na mtoto akichelewa, mwakani waoane tena.

— Akija, alidakia Mheshimiwa, atabeba pete kwenye harusi ya nne ya wazazi wake.

Fundi alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya majibu. Na kicheko kilipomtoka, matumaini yakaingia. Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe kilichosuswa na bibi harusi aliyekimbiwa na mchumba. Akakileta, akakitandika mapajani, akachora gauni kwa chaki bila kupima. Kiuno cha mke wangu nakijua kwa kichwa, alijigamba. Akakata palepale, wenzake wakimshangilia.

— Na bibi harusi amekubali?

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na birika la kahawa.

Mheshimiwa alichungulia kikombe chake. Breki alifunga breki.

— Shemeji, karibu, alisema Breki kwa sauti ndogo.

Mwanamke aliweka birika chini, akachukua kile kitambaa na kukizungusha kiunoni. Ncha mbili hazikukutana.

— Vipimo hivi ni vya kabla ya sindano za kliniki, mume wangu.

Aibu ilimshika Fundi. Alikuwa akipima mtaa mzima, lakini yeye hakuwa amemtazama mkewe vizuri tangu watoke kliniki. Alimuuliza daktari, akamuuliza kinyozi, akamuuliza hata Breki. Aliyechomwa sindano hakumuuliza. Akasogea, akampisha benchini.

— Unataka tujaribu tena?

Mkewe aliketi. Alijimiminia kahawa iliyobaki kwenye birika, yote, akainywa taratibu.

— Nataka, alisema. Nataka sana. Ila mwili umechoka, nipumzike kwanza.

Kisha akamvua Fundi utepe wa kupimia shingoni, akamwekea mkononi.

— Na hilo gauni, nipime upya.