Vishimo vya Mapajani na Simu ya Mama

Akina mama wenzangu, habari za jioni. Kamwene kwa wale wa kwetu Iringa, na ndaga, yaani asanteni, kwa wenyeji wangu wa hapa Mbeya, mlionipokea nikiwa bibi harusi nisiyejua hata kupika ndizi za huku. Mwenyekiti amenipa nafasi nami nimeipokea. Mnisamehe nikitaja mambo ya mwilini mbele ya mama mchungaji. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia niseme yote.

Wiki iliyopita, wakati wa chai, mmoja wetu aliuliza kama kuna anayemjua mtu wa kuondoa vishimo vya mapajani. Jina lake silitaji. Wengine mlicheka, wengine mkatoa simu mkaanza kumtafutia namba. Mimi chai ilinishinda. Nilitaka kusema pale pale nikashindwa, nikaenda nyumbani nikiwa sina raha. Ndiyo maana leo nimesimama.

Kwa ambao hamjaelewa, nazungumzia ile ngozi ya mapaja na makalio inayokuwa na mabonde mabonde kama ganda la chungwa. Hospitalini wanaiita selulaiti. Haiumi wala haiwashi. Unaweza ukaishi nayo miaka bila kujua unayo, na mimi niliishi hivyo hadi siku moja ya bonanza.

Mnajua nauza vitenge sokoni. Zamani tulikuwa na timu ya netiboli ya akina mama wa soko, na mimi nilikuwa mfungaji. Nilikuwa napenda ile kitu, jamani. Ukifunga kibanda jioni na mgongo umechoka, ukigusa mpira unakuwa kama umezaliwa upya. Basi siku ya bonanza mtu akapiga picha nikiruka, sketi imepanda kidogo. Picha ikaingia kwenye grupu letu la simu. Mmoja akaikuza pale mapajani, akaandika, "Mama, hilo ganda la chungwa umelitoa wapi?" Wakamiminika na vicheko. Nami nikaweka kicheko changu, ili wasione nimeumia.

Nilipofika nyumbani nilijifungia chumbani na kioo. Nikajigeuza huku na huku. Ndugu zangu, nawaambia, siku ile nilijiona kama mtu mwingine kabisa amekaa ndani ya ngozi yangu.

Mume wangu ni fundi magari, wengi mnamjua. Nilimwuliza, "Hivi wewe hujawahi kuniona hapa?"

Akainama akatazama. "Hapa pana nini?"

"Hivi vishimo."

"Mimi sijawahi kuona hiyo kitu," akasema. "Na hata sasa sioni shida yake."

Ningemsikiliza yule baba, leo nisingekuwa na ushuhuda wa kutoa. Lakini nilisema moyoni, huyu ananifariji tu. Nikaanza kutafuta dawa.

Nilianza na kahawa. Kwenye simu walisema uchanganye unga wa kahawa na mafuta ya nazi, usugue kila unapooga. Nikasugua mpaka bafu likawa na rangi ya tope na mume wangu akauliza kama tumehamishia mgahawa ndani. Ngozi ikawa laini, hilo ni kweli. Vishimo vikabaki palepale, sasa vikiwa laini.

Nikaja kwenye kujifunga nailoni, ile ya kufunikia chakula. Unapaka mafuta ya tangawizi, unajizungushia nailoni mapajani, unavaa suruali juu, unaendelea na kazi. Nikawa nauza vitenge huku natoka jasho utadhani niko Chunya kiangazi. Nikifungua, miguu imenywea kidogo kwa sababu maji yametoka. Nikinywa maji, yote yanarudi.

Nikajaribu kusingwa na vikombe vya kufyonza. Hivyo, niseme ukweli, vilinipa moyo. Ukitoka kusingwa ngozi inakuwa imetulia, unatembea unajisikia vizuri. Kufikia kesho yake mambo ni yaleyale, na juu yake una michubuko. Nikanywa na chai ya kupunguza uzito, ile inayokukimbiza chooni. Nilipungua kweli, hadi shavu likabonyea. Ngozi ya mapaja ikalegea, na vishimo vikaonekana kuliko mwanzo. Mnacheka, na mimi sasa nacheka. Wakati ule nililia.

Halafu kukawa na krimu fulani isiyo na maandishi yoyote, niliyouziwa na mama mmoja aliyesema inatoka nje. Mwezi wa kwanza ngozi ikang'aa. Baadaye ikawa nyembamba, mishipa inaonekana, na michirizi myekundu ikatokea pasipokuwa na michirizi. Daktari aliniambia baadaye kwamba huenda ilichanganywa na dawa kali za ngozi ambazo hazipakwi ovyo.

Katika hayo yote niliacha netiboli. Wenzangu walinifuata kibandani, wakasema timu imekosa mfungaji. Nikawaambia goti linauma. Nikaacha kuoga na wanangu wa kike waliozoea tuoge pamoja. Kwenye kitchen party za ndugu nikawa wa kukaa pembeni na khanga mbili, hata kama ni joto. Na kwetu Kilolo, huko Iringa, kwa mama yangu, nikapunguza kwenda. Mama alikuwa na tabia ya kunikagua nikifika. Ananigeuza kama anavyogeuza mahindi sokoni, anasema umenenepa, umekonda, nguo hii imekubana. Sikutaka jicho lake.

Sasa nafika kwenye sehemu ngumu, mnivumilie.

Nilisikia habari za dada mmoja mwenye saluni ghorofani, upande wa Mwanjelwa, anayechoma sindano ya kuyeyusha mafuta. Saluni ilikuwa safi, ina vioo na maua ya plastiki, naye amevaa koti jeupe. Sikumwuliza amesomea wapi. Nitawaambia tena ili mlishike: mimi, ninayegeuza kitenge mara mbili mbili kutafuta kasoro kabla sijakinunua kwa jumla, sikumwuliza mtu anayenichoma sindano amesomea wapi. Alisema nitachomwa kwa awamu, nisikatishe, na nisisafiri safari ndefu mpaka tumalize, maana kukaa sana kwenye basi kunaharibu dawa.

Nilikuwa nimeshaanza ndipo kaka yangu akapiga simu kutoka Kilolo. "Mama hajisikii vizuri. Anakuulizia."

"Anaumwa nini?"

"Kifua, na miguu imevimba. Tumempeleka hospitali, wamempa dawa, tumerudi nyumbani. Lakini anakuulizia wewe."

Nikasema nitakuja, kuna kazi namalizia. Hakujua ni kazi gani. Siku chache baadaye akapiga tena, akampa mama simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Akasema kwa Kihehe, nami nawageuzia, "Mwanangu, njoo unichekeshe. Hawa wa hapa wananiangalia kama wako msibani."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, nikimaliza shughuli zangu nakuja, nakaa na wewe mpaka unifukuze."

"Shughuli gani hizo zisizoisha?"

"Za biashara, mama."

"Haya," akasema. "Biashara nayo inataka mtu. Njoo ukimaliza."

Mbeya na Iringa ni safari ya siku moja tu. Unapanda asubuhi, unakunywa chai Igawa, jioni uko Iringa. Ningekuwa nimefika kesho yake. Sikwenda. Nikarudi saluni kuchomwa awamu iliyofuata.

Baada ya sindano ile paja la kulia likaanza kuwa la moto. Yule dada nikampigia, akasema ni dalili kwamba dawa inafanya kazi, niweke barafu. Paja likavimba, likawa gumu, homa ikapanda, nikawa naongea vitu visivyoeleweka. Mume wangu alinibeba kama mtoto akanipeleka hospitali. Walikuta usaha umejaa ndani kwa ndani. Wakanipasua kuutoa, wakaniacha kidonda wazi cha kusafishwa kila siku. Yule dada hakupokea simu tena, na mume wangu alipokwenda, saluni ilikuwa imefungwa.

Nikiwa kitandani, mume wangu akaingia wodini wakati si wa kuona wagonjwa. Muuguzi alimruhusu. Alipokaa tu pembeni yangu, nikajua.

Nikasema, "Ni mama."

Akasema, "Ndiyo. Leo alfajiri."

Nilitaka kuamka. Nilishusha mguu chini, maumivu yakanirudisha. Daktari akasema kwa ukali kidogo kwamba nikipanda basi na kidonda kile naweza nisifike. Mama yangu akazikwa Kilolo, na mimi mzaliwa wake wa kwanza sikuwepo. Watu wanauliza yuko wapi yule wa Mbeya, wanajibiwa anaumwa. Anaumwa nini? Kaka yangu anashika koleo, anaendelea kufukia.

Daktari aliyekuwa akinisafisha kidonda alikuwa mama wa makamo, asiye na maneno mengi. Siku moja nikamwuliza kwa hasira, kama vile yeye ndiye aliyenichoma, "Basi niambie, kipi kinachofanya kazi?"

Akavuta kiti. Akasema, "Nikuambie ukweli au nikufurahishe?"

"Ukweli."

Akanieleza kwamba chini ya ngozi kuna mafuta, na kuna nyuzi zinazoivuta ngozi chini. Mafuta yanasukuma juu, nyuzi zinavuta chini, ndipo mabonde yanatokea. Wanawake wengi sana wanayo, wanene kwa wembamba, na kwa sehemu kubwa ni kurithi. Akasema si ugonjwa. Hakuna krimu inayofika kwenye zile nyuzi. Zenye dawa ya kahawa zinakaza ngozi kwa muda mfupi. Zipo nyingine zinazoifanya ngozi iwe nene kidogo zikitumiwa miezi mingi, nazo mjamzito hapaswi kuzigusa bila daktari. Kusingwa ni kwa muda. Kujifunga nailoni ni kupoteza maji. Kupungua uzito kunawasaidia wengine, na wengine kunawazidishia, kama ilivyonitokea mimi. Kunyonya mafuta kwa mashine hakuondoi vishimo. Akasema mazoezi ya kujenga misuli ya miguu na makalio yanapunguza kuonekana kwake, hayaondoi. Na wapo madaktari bingwa wa ngozi, kwenye miji mikubwa, wanaozikata zile nyuzi au kutumia mwanga maalumu. Hiyo inaweza kusaidia kwa mwaka au zaidi, ila si kwa kila mtu, na ni ghali.

Nikamwuliza, "Mazoezi kama netiboli?"

"Netiboli ni nzuri sana," akasema. "Kwa nini, unacheza?"

Niligeukia ukutani. Akadhani kidonda kinauma.

Nilipoweza kutembea na fimbo nilikwenda Kilolo. Nilikaa kaburini mpaka mama yangu mdogo akaja kunichukua. Jioni ile aliniogesha, kwa sababu sikuweza kuinama. Nilijaribu kujifunika na khanga. Akauliza ninaficha nini, na hapo nikamweleza kila kitu, kuanzia ile picha. Alinisikiliza huku akiendelea kunimwagia maji.

Akasema, "Hivi vishimo ndivyo vilivyokuzuia kuja?"

Nikasema ndiyo.

Akaweka kopo la maji chini. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyemwogesha dada yangu siku ya mwisho. Alikuwa navyo. Vilevile, palepale. Bibi yenu alikuwa navyo. Na mimi ninavyo, tazama." Akapandisha gauni lake nikaona.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Nililia mpaka maji ya kuoga yakapoa.

Akina mama, namshukuru Mungu kwa uhai. Namshukuru mume wangu, aliyefua bandeji zangu bila hata siku moja kusema, "Nilikuambia". Namshukuru yule daktari aliyeniambia ukweli nilipoutaka, na muuguzi aliyefungua mlango wakati usio wake. Nawashukuru ninyi mliopika nyumbani kwangu na kuwapeleka wanangu shule, mkidhani nimepata jipu la kawaida. Leo mmejua lilikuwa jipu gani. Nimerudi kucheza, mguu mmoja ni mzito, nafunga kwa kusimama. Lakini nisiwadanganye kwamba yote yamepona. Kuna siku nakunja vitenge, nasikia ile sauti nyembamba ikiniuliza shughuli gani zisizoisha.

Kwa yule aliyeuliza wiki iliyopita: sikukatazi kupendeza. Ukitaka mafuta laini, paka. Ukitaka kusingwa, singwa ujisikie vizuri. Ukitaka zaidi ya hapo, nenda kwa daktari wa ngozi hospitalini, mwulize amesomea nini na dawa inaitwaje, na asipojibu, ondoka. Mtu yeyote asikuchome kitu saluni. Tukimaliza sala nitabaki kile chumba cha nyuma, na nitakuonyesha kovu. Uliguse kabisa ukitaka.

Na wewe ambaye mama yako yuko hai, na amekupigia ukasema utakwenda ukimaliza shughuli, mimi nakaa sasa. Toka nje umpigie. Hakuna atakayekuuliza unakwenda wapi.