Kocha Aliyekataa Kumtoa Mtoto Majini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupuliza filimbi kandokando ya bwawa hili, kocha wetu wa watoto, tunayemwita Bi Filimbi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Wenzangu wamenipa mimi, karani wa bwawa, kazi ya kuandika wasifu wake. Wameniomba niandike mazuri tu. Haya, nitajitahidi.

Aliajiriwa kama mwokoaji, akawa mwalimu wa wanaoanza, halafu kocha wa timu ya mashindano. Ametuletea vikombe kumi na vinne, na vyote amevirundika juu ya kabati langu la mafaili, maana lake limejaa taulo zilizosahauliwa na watoto ambao sasa wana watoto wao. Ofisini huingia na ndala zinazochuruzika maji, akaegemea meza yangu, na fomu nilizochapa asubuhi nzima zikawa uji. Nimesema weee mpaka nimechoka. Mkeka wa mlangoni hajawahi kuukanyaga hata kwa bahati mbaya.

Lakini kilichonitoa jasho zaidi ni utaratibu wake wa kufundisha. Kwa Bi Filimbi, mtoto mwoga hasukumwi majini, wala hatolewi. Anakaa ukingoni, miguu ndani ya maji, mpaka aingie mwenyewe. Akishaingia, atatoka mwenyewe. Wazazi wenye haraka zao walikuja kunifokea mimi dirishani, utadhani mimi ndiye kocha! Nilimtetea kwa shingo upande, mpaka zamu ikafika kwangu.

Binti yangu alikuwa na miaka minane. Kila asubuhi ya shule tumbo lilimkata, akatapika, akang'ang'ania kitanda. Mwalimu akiita majina, alishindwa hata kuitikia. Shule ilishaniambia nitafute namna, la sivyo angerudia darasa. Nikampeleka kwa Bi Filimbi, labda angejifunza kutoogopa. Wiki saba mtoto alikaa ukingoni, wiki saba! Nami nilimtazama kupitia kioo cha ofisi, roho mkononi. Wiki ya nane akaingia.

Miezi mitano baadaye, kocha akamwandikisha kwenye mashindano ya mita hamsini. Jina lake nililigundua nikiwa nachapa orodha. Mimi na kocha tulinuniana siku tatu. Alichojitetea nacho ni kwamba mtoto ameomba mwenyewe, na ameomba pia mama asiambiwe.

Siku ya siku ikafika. Katikati ya bwawa mwanangu akakwama, akashika kamba ya njia yake. Wenzake walishamaliza. Nikavua viatu, nikakimbilia ukingoni na nguo zangu za kazi, nimtoe. Bi Filimbi akanizuia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamzuia mwamuzi aliyetaka kumfuta, akimweleza kwamba kanuni inakataza kuivuta kamba, si kuishika, na kwamba hakuna kanuni inayomkataza mtoto kuchelewa. Mimi akaniambia kwamba nikimtoa leo, kila akiogopa atangoja nije kumtoa. Nilimchukia, jamani, sitaficha. Mtoto akavuta pumzi, akaiachia kamba, akaogelea mpaka ukutani.

Likatangazwa tokeo: dakika nne na sekunde kumi na moja. Kumbe washika saa siku hiyo hawakutosha, na saa ya njia ile alipewa Bi Filimbi, akaining'iniza shingoni. Mtoto alipogusa ukuta, yeye alikuwa analia, akasahau kuibonyeza. Jamani, kocha mzima!

Binti yangu akatoka majini, akanipita mimi na taulo yangu, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya waamuzi. Akasema, kwa sauti iliyofika viti vya nyuma kabisa, kwamba ameitazama saa kubwa ya ukutani, ni dakika tatu na sekunde hamsini, na hizo nne yeye hazikubali. Watu mia mbili walimsikia. Waamuzi wakasahihisha. Jumatatu, mwalimu alipoita majina, aliitikia.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, namtakia Bi Filimbi afya njema na mapumziko marefu, mbali na meza yangu. Na kwa niaba ya mama mmoja aliyeondoka siku ile bila hata kumuaga: asante, dada. Nilikuwa nimekosea.