Mkate Uliotafutwa Kanisani

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi. Mchungaji Sitati, ambaye kanisa lake nitaliomba radhi hivi punde. Mama Mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mtaa wetu wa Section 58. Ndugu wageni waalikwa, hamjambo?

Niwieni radhi kwa kusimama mbele yenu huku nikicheka. Walimu wetu wa misheni walitufunza kwamba msemaji hucheka baada ya wasikilizaji wake, lakini leo, siku tunayofungua duka la pili la Mikate ya Eucabeth, moyo wangu umekataa kungoja zamu.

Marehemu mke wangu Eucabeth aliacha tanuri moja, jina jema, na mgane asiyejua kutofautisha hamira na chumvi. Miaka mitatu baada ya mazishi, wateja walikuwa wamepungua hata nikamwahidi Bwana Kosgei wa kule Bahati kumuuzia tanuri, aje na lori alichukue. Mkaza mwanangu Jepleting akanipigia magoti.

"Baba, nipe mwezi mmoja tu. Watu hawajaacha kula mkate, wameacha kutuona. Tujiandikishe mtandaoni."

Nikakubali, tena kwa adabu iliyopita kiasi. Kila orodha ya biashara iliyonialika niliiitikia, kwani nani aliyelelewa vyema hukataa mwaliko? Zikawa kumi na moja! Moja, nilikuja kugundua, ilikuwa ya vipuri vya trekta. Bwana mmoja akaniandikia akitaka giaboksi; nikamjibu kwa barua ndefu ya masikitiko, nikamkaribisha skonzi.

Sasa, desturi yetu, kama mjuavyo, haimruhusu baba mkwe kuketi bega kwa bega na mkaza mwanawe. Basi yeye alinisomea maswali kutoka jikoni, nami nikajaza majibu simuni, sebuleni.

"Baba, ramani inauliza tuko wapi. Weka alama!"

"Nimeweka!"

"Una hakika?"

"Mwanangu, nimeishi hapa miaka arobaini!"

Ndugu zangu, mgeni akiwauliza njia mtaani kwetu, mnamwambiaje? Si mnamwambia, "Fika kanisani, kisha uliza"? Nami alama nikaiweka langoni mwa kanisa.

Mwezi ukaisha, mteja hatujamwona. Jumamosi ya ahadi ikafika, mkate wa mwisho uko mezani, tanuri limekwisha kufungwa kamba. Simu ikalia.

"Mzee Masinde, niko kwa ramani yako. Naona mimbari, tanuri sioni!"

"Samahani sana, Bwana Kosgei. Uliza tu mtu hapo."

"Nimeuliza! Kuna watu kumi na wanne hapa, wote wanatafuta hiyo hiyo mikate. Mama mmoja wa mtaa wa Rhonda anasema hii ni Jumamosi ya tatu anakuja, na kila mara anaishia kuombewa!"

Akawapandisha wote. Lori lililokuja kulichukua tanuri la Eucabeth likashusha wateja mlangoni pake! Bwana Kosgei, simama uonekane. Mtu huyu alitazama foleni, akatazama kamba, akasema, "Mzee, mimi sibebi sufuria ya mtu wageni wakiwa mezani." Akazifungua kamba kwa mikono yake.

Jepleting, akiwahudumia, alimuuliza kila mmoja alikotuona. Kumi na mmoja walituona kwenye ramani; watatu, katika kundi la WhatsApp la mtaa. Kwenye orodha tisa nyingine? Hakuna hata mmoja. Je, mwenye mikono miwili ya kukandia aitikie karamu kumi na moja? Tukabaki na hizo mbili. Zile tisa niliziandikia barua za kuaga, kwa radhi nyingi. Hakuna iliyojibu. Lakini bwana wa giaboksi hununua skonzi kila Ijumaa.

Jioni ile, meza ikiwa katikati yetu ili desturi isione haya, Jepleting aliniongoza nikaihamisha alama mpaka juu ya tanuri. Mchungaji, samahani, waumini wako wapya nimewachukua.

Kisha nikatoka hadi langoni mwa kanisa, nikaandika jina simuni: Eucabeth. Sauti ya simu ikaniongoza, kushoto, moja kwa moja, hata nikapokelewa na harufu ya mkate. Ikasema, "Umefika."

Nilivua kofia. Nikaijibu, "Asante, mama. Nimefika."

Kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, nawashukuru. Sasa karibuni mezani, mkate ungali moto.