Kwanza Niione Friza

Assalaam alaykum warahmatullah, mama zangu na dada zangu. Na ninyi majirani zetu wa Kilutheri mlioketi kule nyuma karibu na tanki, Bwana asifiwe, sogeeni mbele, msikae kama wageni. Mwenyekiti wa chama chetu ameniambia nieleze kwa ufupi yaliyonipata. Kwa ufupi siwezi. Na kama kuna anayengoja nilie hapa niombe radhi, jamani, atachoka kungoja.

Wengi wenu mnanijua kwa harufu kabla ya sura. Chekeni tu, ndiyo kazi yangu. Nanunua perege kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, nagandisha hapa Same, napandisha Mhezi na vijiji vya jirani, maana mtu wa milimani akishapika makande yake, kipande cha samaki pembeni hakikatai. Mtaji wangu haukuwa pesa. Ulikuwa mdomo wangu. Kule bwawani kuna mama mwenye mitumbwi, akinipa samaki kwa mali kauli. Mnaijua mali kauli: samaki hawa hapa, bei ni hii, kachukue, ukiuza ulete. Hakuna kuandikishana wala kuwekeana rehani. Nimelea watoto wangu kwa kauli hiyo.

Sasa siku moja umeme ukakatika, uliporudi ukarudi na nguvu zake zote, friza yangu ikafanya "tuu!" ikanyamaza. Ilikuwa imejaa. Mafundi walikuja, wakaitazama kama watu waliofika msibani. Nyie, samaki akiharibika kwenye joto la Same humfichi mtu. Mtaa mzima ulijua.

Na samaki wale hawakuwa wangu, walikuwa wa yule mama. Ningeweza kumwambia mama, nimeharibikiwa, nivumilie. Nikajiambia, kauli yangu haijawahi kulala, haitalala leo. Nikafungua simu, nikakopa kwa ile mikopo ya kubonyeza bonyeza, hii mnayoiita kausha damu. Nikampelekea mama pesa yake. Wapo waliosema humuhumu uani kwamba nimekula riba. Ndugu zangu, nawaambia, sikuila. Riba ndiyo iliyonila mimi.

Kwanza walikata chao kabla hata pesa haijafika. Halafu deni likawa linavimba, kila nikilipa naliona liko palepale. Nikachelewa kidogo tu. Kumbe siku ile nilipobonyeza "nakubali" nilikuwa nimewapa namba zote zilizomo kwenye simu yangu! Wakaanza kuwaandikia watu: huyu mwanamke ni tapeli, mwambieni alipe. Akaandikiwa shemeji yangu. Akaandikiwa ustadhi anayewasomesha wanangu. Fundi bomba niliyempigia mara moja tu, naye akaandikiwa, akanipigia kunipa pole!

Hayo ningeyameza. Lakini akaandikiwa hata yule mama wa mitumbwi. Nilipofika bwawani nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, lakini macho hakuyainua kwenye samaki. Akasema taratibu, "Mwanangu, kwa sasa uwe unakuja na taslimu." Basi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nilirudi na beseni tupu, na pale kituo cha basi nililia wazi, sikuona haya ya mtu.

Niliuza cherehani yangu nikawalipa wale watu, nikafuta takataka yao kwenye simu. Lakini jina langu lilikuwa limeshachafuka, na hilo hulisafishi kwa kuuza cherehani. Wakaniambia, nyamaza, funika kombe mwanaharamu apite. Leo nalifunua kombe, na huyo mwanaharamu akitaka akae asikilize.

Sasa ndipo akaja yule kijana wa kampuni. Mnamkumbuka, shati lake limepigwa pasi likasimama lenyewe. Alisimama hapa hapa nilipo. Programu yake ya simu ilikuwa ya kijani, ina mwezi na nyota, ikifunguka inakusalimia kwa Kiarabu. Akasema, mama zangu, riba basi, hii ni murabaha. Kampuni inakununulia bidhaa, inaimiliki, ndipo inakuuzia wewe kwa faida mnayoijua wote wawili, unalipa kidogokidogo. Mkasema mashallah. Na mimi nilisema mashallah, kwa nini niwafiche? Nilikuwa naihitaji friza kuliko mtu yeyote uani hapa.

Nikawa wa kwanza kwenda mezani. Akaniandika, akasema, "Bonyeza nakubali, mama, pesa inaingia sasa hivi."

Nikamwambia, "Pesa ya nini? Mimi nataka friza."

"Friza utajinunulia mwenyewe. Huu ni utaratibu tu."

"Umesema mnanunua ninyi, mnaniuzia. Basi kwanza niione friza."

"Mama, friza ipo kwenye mfumo."

Wallahi, nilicheka. Nikamwambia, "Baba, na samaki wangu niwaweke kwenye mfumo?"

Watani zetu Wachaga wanasema Mpare anauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Waseme! Siku ile nilikuwa tayari kuuza ng'ombe, bahati mbaya sina. Nilimwambia, kijana wangu, mimi nauziwa na kuuza tangu niko msichana, nisichokiona sijauziwa. Pesa mkononi leo, pesa zaidi mwezi ujao, na hakuna samaki wala friza katikati, hiyo ni ileile iliyonichafua. Mmeivisha kanzu. Sibonyezi.

Yeye hakugombana, alikusanya vitu vyake akaondoka. Mliogombana na mimi ni ninyi. Naam, ninyi! Mliniambia nimewafukuzia riziki, mtu mwenyewe hata biashara hana. Dada mmoja, yupo hapa anaangalia chini, aliniambia njaa yangu ina kiburi. Nikamjibu, ni yangu, niachie. Nikaenda kuchoma maandazi stendi, na maandazi yangu, mnajua wenyewe, ni magumu.

Baadaye mwenyekiti na sheikh wetu wakahangaika, wakapata taasisi nyingine. Hawa nao ni wa simu, sikilizeni vizuri, kwa sababu sitaki mtu atoke hapa aseme nimeilaani simu. Niliwauliza swali lilelile. Wakaniambia chagua friza dukani, tupige picha. Sisi tunailipia, tunaisafirisha, bei yetu na faida yetu hii hapa. Ukiipokea mkononi, ndipo unabonyeza. Bei haitapanda hata ukichelewa.

Friza ikaletwa hadi mlangoni kwangu. Tukaifungua, tukaichomeka, kimya. Mlango umepinda, ubavu umebonyea, ilianguka njiani. Moyo wangu ulikufa. Nikajua yale yale yamerudi, sasa hivi ustadhi ataandikiwa tena. Nikawatumia picha, nikakaa kibarazani na simu mapajani. Ujumbe ulipoingia nilimpa jirani yangu asome, mimi sikuthubutu. Akasoma kwa sauti: "Pole kwa usumbufu. Bidhaa hujaipokea, kwa hiyo bado ni mali yetu na hasara ni yetu. Hudaiwi chochote. Tunaleta nyingine."

Hasara ni yetu! Dada zangu, hapo ndipo nililia tena, na jirani naye akalia, sijui yeye alikuwa analilia nini. Hicho ndicho nilichokuwa namdai yule kijana. Anayetaka faida ya kuuza, kwanza amiliki kitu, kikivunjika kivunjike mikononi mwake. Friza nyingine ililetwa, nikaigusa, nikaisikia inanguruma, ndipo nikabonyeza. Nailipa mpaka leo, na nalala usingizi.

Nashukuru. Mungu kwanza. Namshukuru mwenyekiti na sheikh. Namshukuru jirani yangu Mlutheri, yule pale anajificha nyuma ya mtandio, aliyeniachia nusu ya friji lake kabla friza haijaja, nianze upya na ndoo moja ya samaki wa taslimu, nyumba yake ikanuka, asiseme neno. Na ninyi mlioninunia nawashukuru pia, mlinitia ukaidi.

La kuwaambia ni moja. Simu ikikusalimia kwa Kiarabu, itikia salamu, kisha uliza: kitu kiko wapi, na kikivunjika leo ni cha nani? Wasipokujibu, funga simu, hata kama una njaa. Mimi nilikuwa nayo.

Asubuhi hii simu yangu imelia mara mbili. Ya kwanza walikuwa wale kausha damu, eti hongera, umefuzu kukopa tena. Nimewafuta. Ya pili alikuwa yule mama wa mitumbwi, ambaye tangu siku ile hakuwahi kunipigia. Amesema, "Mwanangu, perege ni wengi leo, njoo uchukue."

Nikamwambia, "Mama, sina taslimu."

Akasema, "Nani amekuuliza taslimu?"

Basi mtaniwia radhi, chai yenu sinywi. Pikipiki inaningoja nje.