Umbali Alioupima Binti Yake

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, kwa niaba ya familia nimesimama hapa, mimi mdogo wake marehemu, niwasomee kwa ufupi maisha ya kaka yangu, fundi wa darubini za bunduki, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Tulia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshona nguo, akamaliza sekondari mwaka 1972, kisha akaajiriwa katika karakana ya klabu ya kulenga shabaha, alikofanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2014. Aliwafundisha walengaji kwamba ukisogeza jicho nyuma ya kioo, na ule msalaba wa ndani ukaonekana kutembea juu ya shabaha, usifyatue, zungusha kwanza kigurudumu cha pembeni mpaka utulie, na neno hilo la kutulia alilisema mno hata likawa jina lake.

Tarehe 14 Juni 1980 alifunga ndoa na shemeji yangu, muuguzi, na siku hiyo alimkosoa mpiga picha jinsi alivyolenga kamera mpaka bwana yule akamwomba arudi akakae na bibi harusi wake. Walijaliwa watoto watatu, na wa kwanza, binti, ndiye aliyerithi jicho la baba, akawa msoma umbali wake mashindanoni, akilinganisha kimo cha kibao cha shabaha na vijistari vilivyochorwa ndani ya kioo, kisha akimtajia mita.

Tarehe 20 Agosti 2006, katika fainali, binti alisoma mita mia nane na arobaini, lakini namba ya kwenye kigurudumu, ambayo picha ikitulia hutaja umbali, ilionyesha mia saba, marehemu akaifuata namba, risasi ikachimba udongo chini ya shabaha, naye kwa hasira akamwambia mwanawe, mbele ya klabu nzima, kwamba macho yake ni ya pambo tu. Binti aliweka darubini chini, akahamia mji mwingine, na tangu hapo akawa anaongea na mama yake peke yake.

Kesho yake marehemu aliifungua darubini ya bunduki yake, akakuta kwamba alipoisafisha wiki ile, yeye mwenyewe alirudisha kigurudumu jino moja kando ya mahali pake, hivyo picha ilitulia vizuri, ila namba ilidanganya. Alijua, akanyamaza, kila mwaka akijiambia atampigia simu mwaka ujao, na ngoja ngoja huumiza matumbo, maana hakuna siku aliyokula kwa raha mezani kwake huku kiti kile kikiwa kitupu.

Januari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya ini, na alipozidiwa akanisimulia haya yote, akaomba binti yake aitwe, lakini tarehe 3 Mei alifariki binti akiwa bado njiani, na hilo linatuuma kuliko msiba wenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotufungulia nyumba zenu, na wanaklabu mliolibeba jeneza.

Limebaki neno alilonituma, akasisitiza nisimwambie binti chumbani, nimwambie mbele ya watu walewale waliomsikia akimfokea: "Mwanangu, siku ile ulisoma sawasawa, aliyekosea ni baba yako."

Kaka, neno lako limefika, mwanao amekaa hapa mbele na amelisikia, pumzika kwa amani.