Mkono wa Delegeti

Jua la Januari lilikuwa limefika kwenye benchi la mtaa wa Bondeni, Nakuru, lile refu la mbao lililoegemea ukuta wa duka lisilofunguliwa tena, na wenyewe walikuwa wamekwisha kaa. Upande wa barabara alikaa Chemutai, muuza mboga, akikata sukuma wiki juu ya sinia. Walimwita Spika, kwa sababu bila ruhusa yake hakuna aliyemaliza sentensi. Katikati alikuwa Hiram, karani mstaafu wa shule, anayesoma gazeti la jana kwa makini kuliko la leo, na ndiyo maana akaitwa Profesa. Jalal, ambaye babu yake alikuja kutoka Pwani kwa kazi ya reli akasahau kurudi, hakukaa. Alizunguka na birika lake la kahawa ya tangawizi, akijaza vikombe vidogo. Na mwishoni kabisa alikuwa Kiprotich, aliyeendesha lori la maziwa kutoka Molo miaka thelathini, na kwa miezi mitatu sasa wakimwita Delegeti, kwa kuwa ndiye mjumbe wao wa chama. Vumbi jembamba lilielea kutoka upande wa mlima Menengai, likapita ndani ya mwanga polepole, kama kitu kisicho na haraka ya kufika popote.

– Rudisha nyuma, Chemutai alisema. Rudisha mpaka pale mkono haujainuka.

Hiram akarudisha video kwenye simu yake. Ukumbi mkubwa wa Nairobi ukatokea tena, umejaa wajumbe wa chama tawala kutoka kila kona ya nchi. Mzee wa Chama, aliyekishika chama hicho miaka kumi na tisa, alikuwa ametangaza kwamba anakaa kando, na uchaguzi mkuu umebaki miezi saba. Waliotaka kiti chake walikuwa wawili. Pale benchini hawakuwataja kwa majina yao. Mmoja walimwita Miwani, mwingine Kofia, na kila mtu alielewa.

Kwenye video msimamizi aliuliza ni nani wanaomkubali Kofia. Ukumbi ukanyamaza. Wajumbe walitazamana, wengine wakaangalia viatu. Kisha, kwenye safu ya nne, mkono mmoja ukainuka. Ulikuwa wa Kiprotich. Ulipanda taratibu, ukasimama, ukaongezeka tena kidogo kwenda juu. Kwa sekunde tatu nzima ulikuwa peke yake hewani. Halafu ikainuka mingine mitano, halafu hamsini, halafu ukumbi wote, na Kofia akawa kiongozi wa chama.

– Ona vile unapanda, Hiram alisema. Huo si mkono wa mtu anabahatisha. Huyu alikuwa anajua kitu.

– Alikuwa anajua, Jalal akaitikia. Na sisi hapa tunakunywa naye kahawa kila siku, hatuambii.

Kiprotich alitabasamu, akanywa.

Alichojua ni hiki. Basi la wajumbe liliondoka Nakuru kabla ya alfajiri, na hotuba zilianza saa nne. Kufikia saa nane alikuwa amesikiliza watu kumi na mmoja. Kiti kilikuwa laini, ukumbi ulikuwa na ubaridi mzuri wa mashine, na mahali fulani kati ya salamu za mjumbe mmoja na salamu za mwingine, usingizi ulimchukua. Akajiona yuko Rongai, kwenye nyumba ya nyasi ya wazazi wake, ana miaka minane au tisa. Mama yake alikuwa amempa kibuyu cha maziwa akitundike kwenye kigingi cha ukutani. Nyumba ilinuka moshi na majivu ya mti wa senetwet yanayopakwa vibuyuni. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, hakumwona, lakini alimsikia. Juu, alisema. Juu kidogo. Na yeye akainua mkono, kibuyu kikiwa chepesi ajabu, akakitafuta kigingi kwa ncha za vidole.

Alipofungua macho kibuyu hakikuwepo. Mkono ulikuwa hewani, kamera inamtazama, na pande zote mikono ilikuwa inainuka kama mahindi. Aliona haya kuushusha.

Hilo ndilo alilojua, na kwa siku nne hakuwa amemwambia mtu.

– Wacha niwaulize swali moja, Jalal alisema, akiweka birika chini. Nani alimweka safu ya nne? Watu wa Nakuru wote walikaa huko nyuma karibu na mlango. Nimeangalia. Delegeti peke yake yuko mbele.

– Kuna kijana hapo mlangoni aliniambia nikae hapo, Kiprotich alisema. Nafasi ilikuwa imebaki.

– Umesikia? Aliambiwa.

– Aliambiwa, Hiram alikubali, na akakunja gazeti, jambo alilofanya tu akiwa na maneno mazito. Sasa mimi niwaeleze hii kitu ilianza wapi. Haikuanza Nairobi. Miwani na Kofia walikutana mwezi wa kumi na mbili, Longonot. Si kwa hoteli. Ndani ya ule mlima, chini kabisa kwa shimo. Kule simu haishiki, hakuna mtu wa kurekodi. Walishuka kwa miguu, kila mmoja na mlinzi mmoja. Wakagawana. Wewe chukua chama sasa, mimi nitachukua nchi baadaye.

– Miwani ana magoti mabaya, Chemutai alisema. Hawezi kushuka Longonot.

– Ndiyo sababu hakuna mtu alishuku.

Chemutai aliwaza hilo kidogo, kisu kikiwa kimesimama katikati ya jani.

– Na Mzee wa Chama je? aliuliza. Aliwaachia tu wagawane?

– Mzee hajatoka, Jalal alisema kwa sauti ya chini. Kuna dereva wa lori la maua kule Naivasha, anakunywa kwangu kila Alhamisi. Anasema kuna nyumba karibu na ziwa, taa hazizimwi. Magari yanaingia, hayatoki. Kofia akitaka hata kubadilisha tai, lazima aulize huko.

– Basi hakuna kilichobadilika.

– Kimebadilika kiti. Aliyekikalia ni yule yule.

Mbele yao mtaa ulikuwa ukifanya mambo yake: mwanamke ananing'iniza shuka, mkokoteni wa mitungi ya maji unapanda kilima kidogo, paka amelala juu ya bati. Kiprotich alisikia kahawa ikimpasha kifua moto. Aliupenda mlima ule wa Hiram. Aliwaona wale wawili wakishuka kwenye shimo la kijani, wakishikana mikono mahali penye utelezi.

– Sasa sikilizeni, Hiram aliendelea. Kama walikuwa wamekubaliana, bado ukumbi ulihitaji ishara. Watu elfu mbili hawawezi kuambiwa mmoja mmoja. Unatafuta mtu hajulikani. Mzee wa heshima, hana kelele, hana deni la siasa. Unamweka safu ya nne, mbele ya kamera. Yeye akiinua mkono, wote wanajua.

Aligeuka akamtazama Kiprotich kwa heshima ambayo hakuwahi kumwonyesha katika miaka kumi na saba ya kukaa benchi moja.

– Delegeti, wewe ndio ulikuwa ishara.

Kiprotich alifungua mdomo. Ule ulikuwa wakati wake wa kusema, na aliujua. Lakini jua lilikuwa limemfikia usoni, na maneno ya Hiram yalikuwa laini kuliko kile kiti cha Nairobi. Akasema tu:

– Mambo mengine mtu haezi kuongea.

– Nilisema, Jalal alinong'ona.

– Huyu atapewa tiketi ya wadi, uchaguzi wa Agosti, Hiram alisema. Hawawezi kumtumia hivyo wamwache. Mheshimiwa Kiprotich.

Jalal akamjazia kikombe bila kuulizwa. Kiprotich alijiona kwenye jukwaa dogo kule mtaa wa Free Area, amevaa koti, bintiye Jerop amesimama kando yake akilia kwa furaha. Aliona barabara ya Bondeni imewekwa lami mpya. Ilikuwa ndoto tamu, na safari hii alikuwa macho.

Chemutai peke yake hakumsifu. Alikuwa amerudi kwenye sukuma wiki yake, akikata nyembamba kuliko kawaida. Mwezi wa kumi, chama kilipochagua wajumbe wa wadi, watu walipanga foleni nyuma ya mtu waliyemtaka. Mpinzani wa Kiprotich alikuwa mkandarasi mwenye magari matatu. Ni Chemutai aliyepita mlango kwa mlango siku tano, akiacha meza yake ya mboga kwa jirani, akiwaambia watu: mchagueni huyu, hakuwahi kumwacha mtu barabarani mvua ikinyesha. Watu mia na arobaini na tatu walisimama nyuma ya Kiprotich. Wa kwanza alikuwa Chemutai mwenyewe.

Hapo ndipo alipokuja mwanamke mmoja wa makamo, ameshika bahasha ya kaki kifuani, viatu vyake vimejaa vumbi la safari.

– Hamjambo hapa. Naitwa Sue. Nimehamia huku kutoka Longonot wiki jana. Nimeambiwa kuna mahali wanaandikisha wapiga kura.

– Zunguka hilo duka, kuna hema, Jalal alisema. Lakini wamefunga mpaka saa nane. Kaa, mathe, kunywa kahawa.

Walimsogezea nafasi. Hiram, kwa kuwa amepata msikilizaji mpya, alimwonyesha video na kumweleza yote: shimo la mlima, nyumba ya ziwani, ishara. Sue alisikiliza kwa adabu. Lile la Longonot lilimfanya akunje uso kidogo, maana amelima chini ya mlima ule miaka ishirini, lakini hakubisha. Alitazama mkono ukipanda. Kisha akamgeukia Kiprotich.

– Kumbe ni wewe mzee. Samahani kwa kuuliza, mimi siasa sijui sana. Kwa nini ulimtaka huyo?

Kiprotich alingoja Hiram amjibie. Hiram alimtazama Jalal. Jalal alitazama ndani ya birika. Walikuwa wamezungumza siku nne nzima kuhusu anachotaka Kofia, anachotaka Miwani, anachotaka Mzee wa Chama, na hapakuwa na mtu aliyekuwa ameuliza anachotaka Kiprotich.

– Ama hukumtaka? Sue aliuliza tena, kwa upole, kama anayemsaidia.

– Sijui, Kiprotich alisema.

Alisikia sauti yake ikitoka ndogo. Aliweka kikombe chini.

– Nilikuwa nimelala, alisema. Nilikuwa naota niko kwetu Rongai. Mama amenituma nitundike kibuyu. Nikainua mkono. Nilipoamka wengine walikuwa wanainua yao.

Hiram alicheka kidogo, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka.

– Hiyo ni story ya kuficha, alisema, lakini bila nguvu.

– Si ya kuficha, Profesa. Nilikuwa nimelala. Hakuna ishara.

Chemutai aliweka kisu kwenye sinia. Alipangusa mikono kwenye leso, kidole kimoja kimoja.

– Siku nne, Baba Jerop, alisema.

– Nimekosa.

– Mimi nilidhani umenunuliwa. Usiku silali, nasema nitaambia nini wale watu wote nilitoa kwa nyumba zao. Mama Farhiya alisimama kwa foleni na mguu mbaya. Sasa nitamwambia ulikuwa umelala?

– Mwambie. Ama nitamwambia mimi.

– Hiyo kura haikuwa yako peke yako.

– Najua.

– Hukujua. Ungejua ungeenda na kitu ya kusema. Ulienda na koti tu.

Kiprotich aliikumbuka asubuhi ile ya kuondoka: alikuwa amepiga viatu rangi mara mbili, akaangalia koti kwenye kioo cha Jerop, akaaga mtaa mzima. Hakuwa amemwuliza mtu yeyote kati ya wale mia na arobaini na tatu aseme nini huko. Hakuwa hata amejiuliza mwenyewe. Hata angekuwa macho, mkono wake haungekuwa na mwenyewe.

– Bado kuna mkutano mwingine, alisema. Wa mwezi wa tatu, wa kupitisha wagombea. Kama hamtaniondoa, nitaenda.

– Na utaenda na nini?

Alisimama. Akatembea hatua chache mpaka upande wa barabara, akasimama mbele ya Chemutai, na kwa kuwa jua lilikuwa nyuma yake, kivuli chake kikaangukia sinia la mboga.

– Chemutai, alisema, akitumia jina lake ambalo hakuwahi kulitumia benchini. Wewe unamtaka nani? Na unataka wakufanyie nini?

Jalal aliinamisha birika juu ya kikombe cha Sue. Lilitoa matone matatu meusi na mashapo ya tangawizi, basi. Kwa kawaida hapo ndipo kila mtu hupangusa suruali na kwenda zake. Hiram hakunyanyuka. Sue aliweka bahasha yake mapajani, akangoja.

Chemutai alimtazama Kiprotich muda mrefu. Hasira ilikuwa bado iko usoni, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine kinachosogea, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya nyumba ambayo hajaiingia kwa siku nyingi. Kisha akalisogeza sinia, akasogea kidogo upande wa Hiram, akapiga mbao za benchi kwa kiganja.

– Kaa chini, alisema. Itachukua muda.