Kitambaa cha Kompyuta

Basi la kwenda mtaa wa Jamhuri lilikuwa limekwama kwenye foleni Ngong Road, na Kulwant, aliyeketi nyuma ya kijana na mama mmoja, hakuwa na la kufanya ila kutega sikio.

"Tangu Jumamosi kompyuta yetu haina network," kijana alimlalamikia mama asiyemjua. "Nimeandika commands hadi vidole vinauma. Na leo jioni dada yangu ako Canada anatuonyesha mtoto wake kwa video!"

"Hiyo kompyuta mmeifunika kitambaa?" mama akauliza.

"Ndio, cha kufuma. Mathe hukifua kila Jumamosi."

"Basi aling'oa waya."

"Auntie, hii ni Linux, si redio!" Alitaja Linux, mfumo ulioendesha kompyuta yake, kama mtu anayetaja ukoo wake.

"Mpigie."

Akapiga, akauliza kuhusu waya wa network. Sauti ya mamake ilifika hadi kwa dereva: "Waya ya buluu? Nilichomoa! Ilikuwa inainua kitambaa yangu!"

Basi zima likaangua kicheko. Hata liliposimama Jamhuri, kijana alikuwa bado anashikilia kwamba Linux nayo ilikuwa na shida yake.

Kulwant alishuka akicheka. Mkobani alikuwa na kitambaa kipya, alichokifuma kwa ajili ya kompyuta ya mwanawe. Akakisukuma chini kabisa. Kingependeza zaidi juu ya redio.